Nani Atazunguka Kijiji na Shahad

Jumamosi, 1 Novemba 2025

Asubuhi Shahad kapiga simu kutoka Ufaransa. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Masouda. Mwaka wa pili huu yuko huko anasomea namna ya kuzuia majengo ya kale yasianguke. Nilimwambia aanze na mie.

Anakaa kijiji cha mawe juu ya kilima. Kina kanisa, ngome iliyobomoka, na jina lenye herufi nyingi zisizosomwa. Mie siandiki kitu kisichosomwa. Hapa kitaitwa Kijiji cha Shahad.

Khabari yenyewe hii. Kibibi aliyempangisha chumba kamruhusu kuleta mgeni kwa wiki moja. Mgeni mmoja tu, kwani kitanda cha ziada kimoja. Shahad ataka mgeni huyo awe babu yake, wakatembee pamoja. Anasema kuna njia inaanzia uwanja wa kanisa, inapita mashambani, inashuka bondeni kwenye kinu cha maji, inaingia msituni, inakizunguka kijiji chote, na Magharibi unajikuta uwanja ule ule wa kanisa. Kutwa nzima kwa miguu.

Nikamuuliza unapeleka nini huko. Hupeleki kitu. Unachukua nini? Huchukui kitu. Unamfuata nani? Hakuna mtu. Sasa mtu na akili zake atembee kutwa kucha ili arudi pale pale alipokuwa, kwa nini? Akacheka, akasema njoo uone, babu.

Swali hili linaniwasha kuliko mbu.

Balaa ni kuwa babu wako wawili. Wa pili ni Khattab, babake Muatasim, mume wa Masouda. Mkwe mwenzangu. Nyumba yake iko Sib lakini kahawa anakuja kunywa kwetu Darsait, hapa hapa Maskati, na leo alikuwa kaegemea mto wangu, sikio kalitega kwenye simu. Sijafungua mdomo, yeye kashasema yu tayari. Nikasema mie nlikuwa tayari kabla yake. Akaniuliza mara ya mwisho nimetembea lini. Nikamwambia jana, mpaka kwenye gari.

Masouda kakata shauri kama kadhi. Viza tunazo sote wawili, alituombea toka kiangazi. Basi Ijumaa alfajiri twende Riyam, tupande ile njia ya kale ya mlimani inayoshukia Mutrah, kisha turudi kwa barabara ya pwani mpaka Riyam. Duara kamili. Atakayelifunga kwanza, kwa miguu yake mwenyewe, ndiye atakayepanda ndege.

Niandike na hili, maana hapa hapana anayesoma. Siku hizi nnapelekwa mahali pawili: hospitali na matangani. Haniiti mtu nikatembee. Shahad kaniita. Kiti kile cha ndege ni changu.

Jumapili, 2 Novemba

Mazoezi. Baada ya Alasiri nimeshuka kulizunguka jengo letu kama Wafaransa, yaani bila ya sababu.

Mzunguko wa kwanza, salama. Wa pili, dobi wa chini kaniuliza nimeangusha nini. Nikasema sikuangusha kitu, nnazunguka tu. Akatikisa kichwa kwa huruma. Nilipotokea tena alikuwa keshatoka nje na tochi ya simu, anachungulia chini ya magari. Kinyozi naye kaacha mteja na povu mashavuni, kaja kusaidia. Dereva wa lori la maji kasimama akaambiwa mzee kapoteza ufunguo. Nani kasema ufunguo? Sijui. Lakini mtaa mzima ulikuwa unautafuta.

Ningesemaje? Watu wazima wamepiga magoti kwenye vumbi, niwaambie wanatafuta hewa? Nikatoa ufunguo wa kabati mfukoni, nikaudondosha karibu na tairi, nikajikohoza. Kinyozi kauona. Furaha kubwa. Nimepewa mikono na watu nisiowajua. Dobi kautia uzi, kanivika shingoni kama mtoto wa chekechea.

Nimegundua jambo. Mtu akienda mbele, watu husema ana shughuli. Akizunguka, husema kapotelewa. Sasa Wafaransa wamepotelewa na nini?

Jumanne, 4 Novemba

Nimekwenda Sib kumtisha Khattab.

Nimemkuta uani, kavaa viatu vipya vya kupandia milima, anauzunguka mtende ili vilainike. Nikaanza pole pole. Nikamwambia, yakhe, misitu ya Ufaransa ina nguruwe mwitu wakubwa kama ndama, na vijia vyembamba. Akikupitia ubavuni umajimaji wake ukakugusa, utajitwahirisha mara saba, moja kwa udongo, na maji ya huko ni barafu. Khattab akaendelea kukaza kamba za kiatu. Akasema msituni udongo si tele?

Nikamwambia ng'ombe wa huko hawana mchungaji. Akasema wachungaji wengine heri wasingekuwepo, akanitazama.

Nikamwambia kengele ya kanisa hulia kila saa, mtu halali. Akasema yeye na kelele ni ndugu, kaoa. Hapo mkewe, Bi Kheiria, alikuwa nyuma ya pazia na sinia la matunda.

Nikaaga. Nimemwacha pahala pabaya kuliko penye nguruwe. Hayo ndiyo mafanikio ya leo.

Jumatano, 5 Novemba

Usiku sikupata usingizi, lakini nimepata akili.

Njia ya Riyam inashukia nyuma ya nyumba za Mutrah, na nyumba ya mwanzo kabisa ni ya Bi Balqees, mjane wa sahibu yetu. Sasa, Khattab ni mtu wa adabu. Ndilo tundu lake, na huko ndiko ntakopitia. Akikaribishwa hawezi kukataa, na akishaingia hawezi kutoka. Kwanza tende na halua, kisha kahawa, kisha matunda, kisha kitu cha moto, kisha kahawa tena. Mgeni hainuki mpaka mwenye nyumba alete chetezo cha udi, mkajifukiza. Wazee wa huku wanasema: baada ya udi hapana kukaa. Wamesahau kusema upande wa pili, kuwa kabla ya udi hapana kuondoka.

Nimempigia simu Bi Balqees. Nimemwambia Ijumaa asubuhi Khattab atapita mlangoni kwake akirejea bustani ya Riyam, na kwamba maskini anasikitika, anasema watu wa Mutrah wamemsahau. Nikasikia pumzi zake zimebadilika. Akasema, huyu aliyembeba marehemu mume wangu mpaka kaburini, asahauliwe na mimi? Nikamwambia basi, bibi, mkalishe. Ana aibu, atajifanya ana haraka. Chetezo usikiharakishe.

Kaniahidi. Nimelala mchana kama mtoto.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika polepole. Mkono unanuka udi.

Tulifika Riyam kweupe kunapambazuka. Masouda kakaa bustanini na kiti cha kukunja na chupa ya chai. Katuombea dua, katupiga picha, kamtumia Shahad. Tukaanza.

Njia inapanda mwanzo kama ngazi ya kwenda darini. Mawe yamepakwa rangi, nyeupe, nyekundu na njano, kukuonyesha pa kupita. Shahad anasema na huko kwake kuta na miti ina mistari ya rangi vile vile. Nani huyu anayezunguka dunia na kopo la rangi? Natamani nimjue. Nimuulize analipwa na nani na anakula wapi.

Khattab kabaki nyuma, viatu vipya vinamuuma. Mie na raba zangu kuukuu, mbele. Nilipofika juu nikasimama. Kwa pumzi, lakini nimeshaamua kusema kwa mandhari. Nikaiona Mutrah mgongo wake. Miaka yote hii nnaijua uso tu, ule wa pwani uliopakwa chokaa. Nyuma kuna matangi ya maji, nguo za ndani za watu waheshimiwa kambani, paka kajinyoosha juu ya kiyoyozi, mtu anamwagilia mrehani kwenye kopo la samli. Nikakaa natazama, mpaka nikasikia fimbo ya Khattab inagonga mawe karibu. Nikainuka mbio.

Nikashuka korongoni, nikapita kuta za nyumba zilizohamwa zamani, nikatokea uchochoroni. Na hapa pana kosa la hesabu. Mtego nimeutega kwa ajili ya Khattab, lakini mtego haujui majina, na anayetangulia ni mimi. Bi Balqees kasimama mlangoni, kavaa nguo ya Idi. Kaniona.

Nikamwambia mie nnapita tu, mgeni wako yuko nyuma. Akasema, "Upite mlango wangu kama mlango wa benki, Ishaq?" Nikasema basi dakika moja. Nikavua raba mlangoni.

Sinia lilikuwa kama la harusi. Halua, tende, visheti, sambusa, mkate wa kumimina, embe zilizokatwa maua. Kahawa nayo ya huku usipotikisa kikombe unamiminiwa tena, na mie nimekuja Oman mtu mzima, kila nikiwa na haraka nasahau kutikisa. Nimejaziwa mpaka moyo ukaanza kupiga ngoma.

Khattab akatokea mlangoni, anachechemea. Nikajisemea, haya, ingia. Bi Balqees kampokea kwa machozi. Khattab kaweka mkono kifuani. Akasema, Bi Balqees, mie siwezi kuingia nyumba ya sahibu yangu na jasho hili. Ijumaa ijayo ntakuja na Kheiria na watoto wote, tule chakula chako cha mchana hasa. Lakini leo usibaki peke yako. "Nakuachia Ishaq rehani. Usimtoe mpaka ashibe." Akanitupia jicho, akenda zake.

Nikainuka. Bi Balqees kanikalisha kwa kunitazama tu. Nikamwomba chetezo. Akasema, "Chetezo kina haraka gani? Si weye uliyenambia nisikiharakishe?" Akaleta wali.

Nikaomba choo. Choo chake kiko nyuma, ubavuni mwa jiko, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Raba zangu ziko mlango wa mbele, haziwezekani. Nikavaa nilichokikuta: ndara za chooni, rangi ya waridi, kila moja na ua kubwa juu ya kidole. Nikatoka kimya kama moshi.

Barabara ya pwani nikapata taksi. Nikajikunja chini, nyuma ya kiti cha dereva. Tukampita Khattab upande wa bahari, anakwenda mdogo mdogo, mkono kiunoni. Dereva kauliza mbona nimelala sakafuni. Nikamwambia nnatafuta ufunguo. Akaanza kutafuta na yeye huku anaendesha. Nikashuka kabla ya kona, nikafuta jasho nisilokuwa nalo, nikaingia bustanini kwa mwendo wa mshindi.

Masouda kainuka, kanibusu mkono, kampigia Shahad hapo hapo. Nikasikia sauti yake inatetema kwa furaha. "Kweli, babu? Umemaliza wewe?" Nikasema kweli, mjukuu wangu. Nikasema na njia yenyewe fupi.

Chai haijapoa, likaingia gari dogo jeupe, moshi unatoka madirishani. Watu wakakimbia, huyu na ndoo, yule na mtungi wa kuzimia moto. Mlango ukafunguka. Bi Balqees. Mkono mmoja chetezo kinafuka, mkono mmoja raba zangu. Macho mekundu, sijui kwa moshi sijui kwa uchungu.

Kaniuliza mbele za watu kanikosea nini hata nitoke nyumbani kwake kwa mlango wa jiko, bila ya udi, kama mwizi wa kuku. Akasema kama ni kule kukawia, yeye kafanya nilivyomwomba mwenyewe kwenye simu. Nisimame, anifukize, asiwe na deni la mgeni. Nikasimama. Moshi ukaniingia kila upenyo.

Masouda akazitazama raba. Akaitazama miguu yangu. Yale maua.

Simu ilikuwa bado iko hewani mkononi mwake. Shahad kasikia yote. Nilisubiri aseme kitu.

Khattab akafika kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Hakuuliza. Akanusa, akasogea, akafukiza ndevu zake, akamshukuru Bi Balqees. Akasema baada ya udi hapana kukaa, twendeni nyumbani.

Jumamosi, 8 Novemba

Hukumu imepita. Khattab anakwenda.

Masouda kanipeleka Mutrah kuomba radhi. Ndara nimezisugua mwenyewe. Bi Balqees kazipokea kwa ncha ya vidole, kaniuliza kama zilinitosha. Nikasema kisigino kidogo. Kacheka bila ya kutaka, kisha akakumbuka kuwa kanuna. Kanipa kahawa. Nimetikisa kikombe baada ya funda la kwanza, akasema sasa ndio unajifunza adabu, uzeeni.

Shahad kapiga jioni. Nikajaribu kumweleza kuwa hata gari limekwenda duara, na mimi nilikuwa ndani yake. Akasema, babu, mie sikutaka mtu wa kushinda. Nilitaka mtu wa kuniuliza maswali njiani. Babu Khattab haulizi kitu, anajua kila kitu.

Hilo limenichoma, maana ni kweli, na zawadi ilikuwa yangu kabla sijaanza kuigombania.

Akasema atanibeba kwenye simu. Ataitundika kifuani, kioo kitazame mbele, nami niwe naona na kusema. Nikamwambia mie si kifungo cha shati. Kisha nikamuuliza wanaanza saa ngapi.

Jumatano, 12 Novemba

Khattab kasafiri. Uwanja wa ndege uko karibu na kwake, Sib, na bado kataka tuje sote kumuaga kama anakwenda Hija.

Nimekwenda na zawadi kwa Shahad, chupa ya achari ya embe, na nimemshauri Khattab aiweke katikati ya kanzu zake ili isivunjike. Kifuniko nimekifunga kwa wastani. Akaniangalia muda mrefu. Akaniambia, Ishaq, ukitaka kitu nikuulizie huko nambie. Mtu akikutendea wema baada ya kukushinda, hujui uutie wapi. Nikamwambia aulize kwa nini wanazunguka. Akasema swali hilo mbona jepesi, wanazunguka kwa ajili ya afya. Unaona? Anajua kila kitu.

Jumapili, 16 Novemba

Nimezunguka Kijiji cha Shahad. Nimelala ubavu, mto chini ya kwapa, simu imeegemezwa kwenye jagi.

Wameanza kwao asubuhi, kwetu Adhuhuri imepita. Khattab alipotokea kwenye kioo sikumjua. Koti zito la sufu, kofia ya bapa, shali shingoni. Shahad kasema achari ilimwagika sandukuni, kanzu zote zimekuwa manjano, na kile kibibi kamvisha nguo za marehemu mumewe. Na Khattab kapendeza. Mara ya kwanza katika maisha yake. Kazi yangu hiyo, wala hakunishukuru.

Nikaanza kuuliza. Lile birika la mawe lenye paa ni la nini? La kufulia, wanawake wa zamani walikuwa wanapiga magoti pembeni. Nikamwambia ayasogelee mawe. Yamelika ukingoni, yamekuwa laini kama sabuni. Nani aliyakwangua? Mikono, kasema, miaka mingi ya mikono. Ule mnara wa vishimo? Wa njiwa. Mbona nyumba zimegeuza visogo barabarani? Kwa ajili ya upepo. Ng'ombe mwenye macho kama Bi Kheiria? Hapo Khattab kasema nimekusikia.

Mashambani pana lango la mbao lenye mnyororo. Kila apitaye hulifungua na kulifunga nyuma yake, na hapana mlinzi. Nikamwomba Shahad alifungue tena nione. Kalifungua, kalifunga. Sijui kwa nini limenipendeza vile.

Magharibi yetu imeingia kwao jua bado liko juu. Nikawaambia wangojee, nikashuka msikitini. Niliporudi walikuwa wanakula mkate juu ya ukuta. Khattab kavua kiatu kimoja, anakitazama kidole chake kama mtu anayesoma barua mbaya.

Msituni mtandao ukakatika. Nikabaki natazama uso wangu kwenye kioo. Pua imeongezeka. Nikaweka kidole simuni kila mara, nikijiambia si wasiwasi. Waliporudi hewani mfuko wa Shahad ulikuwa umejaa kokwa za rangi ya chai zenye maganda ya miba, wanazichoma huko, anasema ladha yake kama kiazi kitamu kilichosoma. Nguruwe hawakuonekana. Sikufurahi.

Wakatokea ukingo wa bonde. Shahad kanigeuza. Kule ng'ambo kijiji kizima juu ya kilima, lakini kwa nyuma. Bustani za mboga, kamba za nguo, ngazi imeegemezwa kwenye mti usio na majani, ngome imevunjika upande ambao wageni hawauoni. Nikamuuliza tena lile swali langu. Kwa nini kuzunguka? Akafikiri. Akasema ukienda na kurudi njia moja unaona kitu kimoja mara mbili. Ukizunguka unauona mji unapodhani hakuna anayeutazama.

Nikaikumbuka Mutrah kutoka juu, na nilivyoinuka mbio kwa sababu ya fimbo ya mtu.

Kisha Khattab akakaa kwenye jiwe, akasema basi. Mguu umekataa. Palikuwa na barabara ya lami inayokata moja kwa moja mpaka uwanja wa kanisa, na ile njia yenyewe iliyobaki inapanda. Shahad kasema wachukue lami, si kitu. Khattab akaomba simu. Uso wake ulijaa kioo kizima, umechoka, kofia imeteleza. Akaniuliza, "Ishaq, unasemaje?"

Nilijua vizuri sana naulizwa nini. Akichukua lami, hakufunga duara. Hapana aliyefunga. Tumekuwa sawa, na mwakani naweza kudai kila kitu upya. Neno moja tu la huruma: pumzika, yakhe, usijiumize.

Lakini kipande kile kilichobaki sijakiona. Nilitaka kujua njia inaingiaje kijijini, kwa mlango gani, nyuma ya nani.

Nikamwambia, inuka wewe, hata kobe huyo nnamwona kakupita. Akasema hakuna kobe hapa. Nikasema basi ni koti lako linatembea kwa aibu. Akacheka mpaka akakohoa. Akanyoosha mkono, Shahad akamwinua.

Wakapanda. Hatua kidogo, wanasimama, hatua kidogo. Nami sikunyamaza njia nzima, nikamtukana yeye, koti, ukoo wake na mtende wake wa Sib, na kila nikinyamaza alisimama. Njia inaingia kijijini kwa upenyo baina ya ghala na ukuta wa makaburi, huwezi kuujua usipouonyeshwa. Taa zilikuwa zimewashwa. Uwanja wa kanisa, pale pale. Kengele ikalia. Khattab kavua kofia, kaipunga mbele ya kioo. Shahad kasema, tumefika sote watatu.

Nimejifuta uso. Jagi lilikuwa linavuja.

Jumatatu, 17 Novemba

Khattab anarudi keshokutwa. Lazima nimtangulie.

Leo jioni barazani, nje ya duka la kahawa, nimewasimulia wazee wa Darsait namna nilivyozunguka kijiji cha Ufaransa. Birika la kufulia na mawe yaliyolika. Lango la ng'ombe na mnyororo wake. Upenyo wa ukuta wa makaburi. Kokwa, nimewaelezea mpaka ladha. Nimewaambia Khattab alishindwa njiani, na kama si mimi kumsukuma angelala bondeni. Hapo sikusema uongo hata kidogo, ndiyo maana nilijisikia vibaya, nikaongeza nguruwe mmoja.

Wote midomo wazi, isipokuwa Yaqdhan. Huyu alikuwa forodhani, na mpaka leo anapekua watu. Kaniuliza safari hii ilikuwa lini. Nikasema jana. Akasema, jana Magharibi, Ishaq, ulisimama safu ya kwanza, bega lako kwenye bega langu.

Nikanywa kahawa yangu mpaka mwisho. Nikamwambia ndiyo maana ya mzunguko, Yaqdhan. Unarudi pale pale ulipoanzia.

Wakatazamana. Mmoja akasema Wafaransa ni watu wa ajabu. Mwengine akauliza kama mzee wa umri wake anaweza. Mwisho wa kikao wote walikuwa wanataka kuupanda mlima wa Riyam Ijumaa, na wamenichagua mimi niwe kiongozi wao, kwa kuwa nna uzoefu wa nje ya nchi.

Nimekubali. Ntawaongoza kwa simu. Mto nimeshautia foronya mpya.